Mjadala: Miti yetu ipimwe kutafuta dawa ya protini za ubongo, au fedha zinunue levodopa ya wagonjwa wa Parkinson kwanza?

Mleta hoja (mfamasia, Tabora mjini)

Wakuu, kwenye ugonjwa wa Parkinson protini iitwayo alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kugandana ndani ya seli za ubongo. Dawa tulizonazo hutuliza dalili tu, kugandana kunaendelea. Miombo kuanzia Sikonge hadi Uvinza imejaa mimea ya dawa. Naomba serikali itenge fedha tuipime huku huku Magharibi, kabla wengine hawajabeba magome na kuturudishia vidonge.

Kwamba inawezekana, tazameni tafamidis, dawa inayozuia protini ya transthairetini isisambaratike na kugandana moyoni. Jaribio lililochapishwa 2018 lilifuatilia wagonjwa 441 wa moyo kwa miezi 30: walifariki asilimia 29.5 ya waliopewa dawa, na asilimia 42.9 ya waliopewa kidonge bandia. Ilipoidhinishwa kwa moyo Marekani 2019, bei ilikuwa dola 225,000 kwa mwaka. Nani huku atamudu?

Daktari, Kigoma

Kaka, shabaha yako naikubali, mpangilio siukubali. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wengi wa wenye Parkinson hawajawahi kutambuliwa. Mzee mkono unatetemeka, hatua zimekuwa fupi, uso hauonyeshi hisia, na nyumbani wanasema ni uzee au karogwa. Levodopa, dawa ya kutuliza dalili, yenye kabidopa inayoilinda isiishe njiani mwilini, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shilingi ya kwanza imfundishe tabibu wa zahanati kumtambua mzee huyo, na kumuuliza kwanza kama anatumia haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) au metoklopramidi (ya kuzuia kutapika), maana hizo zenyewe huleta mtetemeko na ukakamavu unaofanana na Parkinson. Ya pili ihakikishe dozi haikatiki.

Hata huko kwenye fedha nyingi, mavuno ni haya: lecanemab, dawa ya Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) inayoondoa amiloidi, protini nyingine inayogandana ubongoni, ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Kasi ya kudhoofika ilipungua asilimia 27, yaani pointi 0.45 kwenye kipimo cha pointi 18. Asilimia 12.6 ya waliopewa dawa walionekana na uvimbe wa ubongo kwenye picha.

Mkemia wa protini, Kigoma

Ndugu zangu, mfano wa tafamidis unatupoteza. Transthairetini ni vipande vinne vilivyoshikana, na katikati yake kuna mfuko ambamo homoni ya thairoksini hukaa. Dawa huingia humo na kuvibana visiachane. Alfa-sinukleini, yenye amino asidi 140, ikiwa peke yake haina umbo thabiti wala mfuko. Huwezi kuchonga ufunguo wa kitasa ambacho hakipo. Kinachobaki ni kuweka kemikali na kutazama kama kugandana kunachelewa, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Bakteria waliopandikizwa jeni la sinukleini huvunwa na kupasuliwa, kisha mchuzi wao huchemshwa nyuzi joto 95 kwa dakika 15 hivi. Protini nyingine nyingi huganda na kuzama, sinukleini hubaki ikielea. Inapitishwa kwenye safu ya kutenganisha kwa chaji, halafu safu ya kutenganisha kwa ukubwa, ili zibaki molekuli moja moja. Miligramu 1 kwa mililita (kama mikromola 70) huwekwa kwenye bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) ya pH 7.4 pamoja na thioflavini T mikromola 20, rangi inayong'aa ikishika nyuzinyuzi za protini iliyogandana, katika sahani ya vishimo 96, kila kishimo na shanga ya kioo ya milimita 3. Funika kwa utando maji yasikauke, weka nyuzi joto 37, tikisa. Mwanga huingizwa kwenye nanomita 440 na kusomwa kwenye 480. Nyuzinyuzi zikijengeka, mng'ao hupanda. Huchukua siku kadhaa, na umeme ukikatika usiku, mtikisiko ukasimama, sahani nzima haifai tena kulinganishwa.

Kosa la kwanza ni kuacha vipande vilivyokwisha kugandana ndani ya protini "safi". Hivyo hugeuka mbegu za kuanzisha kugandana, na vishimo vitatu vya sampuli moja vinatoa majibu matatu. La pili ndilo letu hasa. Magome ya mninga na mtundu yana tanini nyingi (kemikali za ukakasi) na rangi nzito. Rangi hunyonya mwanga, mng'ao hushuka, mtu anaandika "imezuia". Tanini nazo hung'ang'ania karibu kila protini, na nyingine humnyang'anya thioflavini nafasi yake juu ya nyuzinyuzi zilizopo tayari.

Kwa hiyo: toa tanini kwanza kwa PVPP, unga unaozinasa. Mimina sampuli kwenye nyuzinyuzi zilizokwisha kukomaa: mng'ao ukishuka papo hapo, umepima rangi, hujapima dawa. Rudia kwa kuongeza Triton (aina ya sabuni ya maabara) asilimia 0.01: uwezo ukitoweka, ilikuwa kemikali iliyojikusanya matone. Mwisho zungusha kwenye sentrifuji, pima protini iliyobaki juu, na tazama mashapo kwa hadubini ya elektroni.

Na hata ukifaulu yote, kumbukeni EGCG ya majani ya chai. Maabarani ilipendeza sana. Kwa wagonjwa 92 wa MSA (ugonjwa wa ubongo ambamo alfa-sinukleini pia hugandana) nchini Ujerumani, matokeo ya 2019, haikuishinda dawa bandia, na baadhi yao ini liliumia.

Mleta hoja

Nashukuru, mkuu. Basi narekebisha: fedha zisianze na mimea mia, zianze na mnyororo huo wa uhakiki kwenye maabara moja, na hadubini tuazime Dar es Salaam au Arusha. Ila kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na makubaliano ya mgao wa faida na waganga wanaotuonyesha mti yatangulie, hata kama ni gome moja. Hilo silegezi.

Daktari, na upupu je? Umejaa huku porini, na mbegu zake zina levodopa.

Daktari

Zinayo, takriban asilimia 4 hadi 6 ya uzito. Lakini hiyo ni levodopa ile ile, haizuii protini kugandana, tusiiingize kwenye hesabu ya dawa mpya. Na haina kabidopa, kwa hiyo sehemu kubwa huisha mwilini kabla ya kufika kichwani: mgonjwa anatapika, presha inashuka akisimama, anaanguka. Kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu. Anayetumia vidonge tayari akiongeza na unga wa upupu amejizidishia dozi bila kujua.

Mleta hoja

Hapo bado hatujakubaliana. Kiasi cha levodopa kwenye unga kinapimika kwa HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali), na mgonjwa wa Kibondo aliyekosa vidonge miezi miwili ana haki ya kujua kipo kiasi gani.

Daktari

Kipimwe, sina ubishi. Asipewe mpaka karatasi ya kipimo cha mfuko ule ule iwe mkononi mwa tabibu.