Nyumba kubwa ya mbali au ndogo ya karibu? Naombeni ushauri

Mhamaji:
Wakuu, habari zenu. Mkataba wetu unakaribia kuisha na mwenye nyumba ameshatuambia hataongeza, anaihitaji mwenyewe. Tuko wanne: mimi, mwenzangu, mtoto anayeanza shule, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Mwenzangu anafanyia kazi nyumbani, mimi natoka kila asubuhi.

Tumezunguka na madalali mpaka tumechoka, zimebaki mbili. Ya kwanza iko chini, vyumba vinne, jiko kubwa, ina uwanja. Tatizo ni safari: zaidi ya saa nzima kwenda kazini, kurudi vilevile. Ya pili iko ghorofa ya tatu, vyumba vitatu, haina lifti, ila kazini natembea kwa miguu na shule iko mtaa wa pili. Kodi karibu sawa. Mwenzangu anataka ya kwanza, mimi ya pili. Kila mtu kashika orodha yake na hakuna anayelegeza. Wenzetu huwa mnaamuaje?

Bi Kigoda:
Umeandika mwenyewe kwamba magoti ya mama yanasumbua, halafu unauliza habari za ghorofa ya tatu bila lifti. Mama akishapanda siku ya kuhamia, atashuka akienda hospitali tu. Hiyo imejitoa yenyewe.

Kuhusu orodha, kaeni pamoja mpitie kitu kimoja kimoja: tukishaingia, hiki tunaweza kukibadili? Rangi, mapazia, taa, hata kabati za jiko, mwenye nyumba akikubali, hubadilika. Ngazi, umbali, jirani, barabara inayopita dirishani na upande jua linakoingilia utavikuta na utaviacha. Bishaneni juu ya hivyo tu. Ninyi nahisi mnagombania jiko.

Msafiri wa Alfajiri:
Kwa ngazi nakubaliana na Bi Kigoda, ila msikimbilie ya mbali. Mwaka 2004 wachumi wawili, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichambua takwimu za Ujerumani. Walikuta kwamba wenye safari ndefu ya kazini huridhika na maisha kidogo kuliko wenye safari fupi. Kwa hesabu za kawaida ungetegemea mshahara au nyumba nzuri ifidie hiyo safari, lakini haikufidia. Mimi sikuhitaji kusoma utafiti, naishi hayo. Uwanja ninao, nauona gizani asubuhi na gizani jioni.

Swali kwako mleta mada: huo uwanja ni wa nini hasa?

Mhamaji:
Mtoto acheze, na mama mkwe apate pa kuota jua. Mwenzangu pia anasema amechoka kukaa ndani siku nzima.

Bi Kigoda, kweli kabisa. Tulipokwenda kuiangalia ile ya ghorofani, mama alifika kwenye kona ya ngazi ya pili akakaa, akasema "nyie endeleeni, mtanisimulia."

Msafiri wa Alfajiri:
Basi si uwanja mnaoutafuta. Mtoto anahitaji mahali salama pa kukimbia, hata kama ni kiwanja cha wazi jirani. Mama anatoshwa na kibaraza kinachopata jua la asubuhi. Mwenzako anahitaji pa kutoka kunyoosha miguu. Mwambieni dalali hivyo, muone kama hakuna ya tatu: iko chini, safari ya wastani, ina kibaraza, uwanja si lazima. Mkisema "vyumba vinne na uwanja" atawapeleka mbali kila siku, kwa sababu huko ndiko viwanja viliko.

Hesabu Tu:
Kuna kanuni ya 37. Asilimia 37 za kwanza za nyumba unaangalia tu bila kuchukua, kisha unachukua ya kwanza inayozizidi zote ulizoziona. Imethibitishwa kihisabati.

Bi Kigoda:
Imethibitishwa kwa sharti kwamba unajua jumla ziko ngapi na uliyoikataa hairudi. Nyumba inarudi, tena wakati mwingine na kodi imepunguzwa. Na mkataba wa mwenzetu unaisha!

Fundi Lipu:
Mimi nizungumzie jengo, maana watu huangalia vigae wakasahau kuta.

Nenda mchana, rudi usiku, na ikiwezekana siku baada ya mvua. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, halafu vuta maji ya choo, uone presha inavyoshuka. Pitisha kiganja chini ya madirisha na nyuma ya makabati. Lipu ikikuachia unga mweupe, hiyo ni chumvi: maji yamepenya ukutani, yakakauka, yakaiacha. Ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, uliza kwa nini huo peke yake.

Nyufa nyembamba kama unywele zisikutishe, mara nyingi ni lipu tu imekauka. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, tena unapitisha sarafu, na mlango wa karibu unakwama, hapo nashuku msingi. Usilipe chochote mpaka mtaalamu aupitie.

Mwenzako aende na kompyuta yake, apige simu ya kazi akiwa kwenye chumba atakachokitumia, saa zake za kazi. Pengine jirani ana karakana na dalali hakuitaja.

Mhamaji:
Duh, mtandao hatukuupima kabisa, kule kwa mbali simu ilikuwa inatafuta tafuta. Nimeshamwandikia dalali kuhusu kibaraza, anasema ipo moja ila jiko ni dogo. Mwenzangu kanuna kidogo, lakini Jumamosi tunakwenda na mama yupo.

Fundi Lipu:
Mama aingie bafuni kwanza, aone kizingiti na pa kushika. Mkiipenda, mkataba useme nani anatengeneza nini, na siku ya kupewa funguo piga picha kila chumba kabla hamjaingiza kitanda. Halafu uliza nani mwingine ana funguo. Ukijibiwa "sidhani", badilisha kitasa siku hiyohiyo.