Keki ya chokoleti ya kikombe inavutika na kunywea: nirekebishe nini?

Mpishi wa Lanet, Nakuru

Wapishi wenzangu, hamjambo? Naomba msaada kuhusu keki ya chokoleti ya kikombe inayopikwa kwenye maikrowevu. Natumia vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano, viwili vya kakao, vitatu vya sukari, vitatu vya maziwa, viwili vya mafuta, yai moja zima na nusu kijiko cha chai cha baking poda, kisha naipika kwa dakika mbili kwa nguvu kamili. Ladha ni nzuri. Tatizo ni kwamba inafura hadi kupita ukingo wa kikombe, inanywea mara tu mlango unapofunguliwa, na ukiitia kijiko inavutika kama mpira, huku pembeni ikiwa imekauka. Dada yangu aliye Kisumu anatumia vipimo hivi hivi na yake hainywei sana, ingawa naye analalamika kuwa ni ngumu.

Mwokaji wa Milimani, Kisumu

Dada, anza na yai. Yai la kawaida bila ganda lina takriban gramu 50, ilhali vijiko vinne vya unga ni kama gramu 30 tu, kwa hiyo unachokipika kinakaribia kuwa kimanda chenye kakao. Protini za ute zikipata joto jingi hukazana na kukamua maji yaliyokuwa ndani yake, na huo ndio mvutano unaousikia kwenye kijiko. Liondoe yai lote, uongeze maziwa yafike vijiko vitano au sita, kwa sababu kakao nayo hunywa maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Mafuta yaache yalivyo. Mafuta ya maji huiweka keki laini hata ikipoa, tofauti na siagi ambayo huganda.

La pili ni muda. Maikrowevu hupasha hasa maji yaliyo ndani ya chakula, na haina hewa kavu ya moto kama ya oveni, kwa hiyo keki haitabadilika rangi wala kufanya ganda. Anayesubiri dalili hizo atasubiri mpaka maji yote yatoke kwa mvuke. Kwa mashine ya wati 700, itazame baada ya sekunde 60, kisha uongeze kumi kumi. Itoe wakati katikati, juu, pangali na sehemu ndogo inayong'aa kwa unyevu, uiache itulie dakika mbili. Joto lililobaki litaimalizia.

Mwalimu wa Sayansi, Nakuru

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu yai, lakini kufura na kunywea kuna sababu nyingine. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban 1,130. Huku kwetu juu hewa haikandamizi sana kama Kisumu, kwa hiyo gesi ya baking poda hutanuka kupita kiasi na vijipovu hupasuka kabla unga haujashika. Hata hivyo, Dada, kipimo chako kingekuwa kikubwa hata Mombasa: kawaida ni kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kizima cha unga, na vijiko vinne vya chakula ni robo kikombe. Kwa hiyo robo kijiko ingetosha pwani, na hapa Nakuru ningepunguza hata hiyo kidogo.

Usikoroge kwa muda mrefu pia. Changanya vikavu kwanza, tia vya majimaji, na uache mara tu unga mkavu usipoonekana, kwani gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, ikikomaa hakuna kipimo kitakachoilainisha. Chagua kikombe kipana, ukijaze nusu tu.

Mama wa Kakamega

Naongeza mawili. Nusu ya maziwa yawe maziwa lala, kwa kuwa uchachu wake hulainisha unga. Pia, umeme ukipungua nguvu jioni maikrowevu nayo hupungua, kwa hiyo sekunde za mchana zisichukuliwe kuwa sheria. Tazama keki, si saa.

Mpishi wa Lanet, Nakuru

Nashukuru sana nyote. Watoto wangu wanapenda keki yenye uzito kidogo. Je, kiini cha yai peke yake kitaniharibia?

Mwokaji wa Milimani, Kisumu

Hakitaharibu, kwa sababu kiini kina mafuta na ute ndio unaokaza zaidi. Ila kigawe katika vikombe viwili, upunguze maziwa kwa kijiko kimoja kila kikombe, na uvipike kimoja kimoja, maana vikiingia pamoja vitagawana nguvu na muda wote utabadilika.