Mama anataka kuishi peke yake kihambani: tumwache au tumlazimishe?

Mleta mada, Njiro, Arusha

Wadau, wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 72, mwalimu mstaafu, yuko Kibosho, Kilimanjaro, kwenye kihamba (shamba la migomba la ukoo) alichoachiwa na marehemu baba. Watoto wote tumeshuka mjini. Kimila nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, lakini wetu yuko Dar na hapandi mlimani kabla ya Desemba. Tumempelekea mama dada wa kazi mara mbili, wote kawarudisha na nauli juu. Anasema hajatupwa, amepumzika.

Baba mdogo akaitisha kikao. Eti aibu, mama wa watoto watano analala peke yake kama mchawi. Akamalizia kwamba kupenda kukaa peke yako ni Uzungu.

Hapo ndipo nilipogoma. Masista tunawaita watawa, tumesahau tu kwamba kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na watu. Waislamu wana itikafu, siku kumi za mwisho za Ramadhani mtu anahamia msikitini. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliacha kiti cha ualimu Baghdad mwaka 1095 akaenda kujifungia Damascus, na ndani ya Ihya, kazi yake kubwa, kuna kitabu kizima cha kupima faida na hasara za kujitenga. Na Antoni, mkaa-pweke maarufu kuliko wote katika Ukristo, alikuwa Mmisri. Mwafrika huyo, baba mdogo! Uzungu uko wapi?

Mama wa Marangu

Mwanangu, umesoma vizuri ila umeishia katikati. Antoni alijifungia kwenye ngome jangwani karibu miaka ishirini, kweli. Lakini Askofu Atanasi aliyeandika maisha yake anasema mikate aliletewa mara mbili kwa mwaka, ikishushwa kutoka juu. Kuna mtu aliioka na kuna mtu aliibeba. Mmisri mwenzake Pakomi naye alianza kwa maisha ya wakaa-pweke, baadaye akawakusanya wenzake waishi pamoja kwa kanuni moja. Sasa niambie, mikate ya mama yako analeta nani? Akianguka bafuni usiku, migomba haitakupigia simu. Wazee waliposema upweke ni uvundo walikuwa wamezika watu.

Wa Pasua

Hela ya dada wa kazi mpeni anunue ng'ombe. Ng'ombe hamwulizi mtu anakwenda wapi.

Mwalimu wa historia, Majengo, Moshi

Mnachanganya mambo. Kuna upweke, kuna ukiwa, kuna faragha. Gereza la Eastern State lilifunguliwa Philadelphia mwaka 1829 kwa imani kwamba mfungwa akiachwa peke yake na Biblia atatubu, kama mtawa chumbani mwake. Ikaonekana kifungo cha namna hiyo kinaharibu watu akili. Leo Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinakataza kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Chumba ni kilekile; angalia ufunguo uko kwa nani. Wa mama yako anao mwenyewe, kwa hiyo kikao cha ukoo hakina kesi.

Ila mleta mada, usimcheke sana baba mdogo. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021. Hata Wazungu wenyewe, ambao baba mdogo anasema mama anawaiga, wameogopa upweke.

Dada wa Sakina

Mimi nina swali dogo. Kijana wa kiume akipanga chumba mtaa wa Unga Limited akakaa peke yake, tunasema anatafuta maisha. Akikaa hivyo mwanamke, tena mzee, kinaitwa kikao. Kwa nini?

Na hilo neno mchawi lisipite kama utani. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Baba mdogo akilisema kwenye kikao leo, kesho linasemwa kilabuni kwenye mbege, na huko hakuna wa kulirudisha. Mkitaka kumlinda mama anzieni hapo, dada wa kazi baadaye.

Mama wa Marangu

Dada wa Sakina, hapo sina la kukujibu.

Mleta mada

Nimempigia mama nikamsomea yote. Ya ng'ombe amecheka mpaka akakohoa. Kuhusu mikate akanyamaza kidogo, halafu akanieleza jambo ambalo sisi watano hatukulijua: mke wa jirani kila asubuhi anatazama jiko la mama. Ikifika saa mbili hakuna moshi, anavuka mfereji kuja kuona. Wamepatana hivyo tangu msiba wa baba, na mama naye hutazama la kwake.

Nikamuuliza mbona hakusema kwenye kikao. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Kikao cha pili ni Jumamosi. Baba mdogo ameshapata dada wa kazi wa tatu.