Je, semina za "kujitoa kwenye mfumo" zipewe kumbi za jumuiya zetu Marekani?

Katibu Mstaafu, Ohio
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo limeigawa jumuiya yetu. Mwezi uliopita mgeni mmoja alikodi ukumbi wetu, ule ule tunaofanyia harusi na matanga, akawauzia vijana, wengi wao madereva wa trela, kabrasha lenye maelekezo ya kuwa "mtu huru asiyefungwa na sheria za serikali". Nimelisoma lote. Linamtaka mtu atie nukta pacha katikati ya jina lake na la ukoo, apige dole gumba kwa wino mwekundu juu ya saini, abandike stempu ya posta kwenye kona, kisha airudishe leseni yake ya udereva kwa hoja kwamba yeye "anasafiri" tu, wala "haendeshi". Kijana mmoja alimkabidhi askari karatasi hizo barabarani; gari likavutwa, na kazi akaipoteza. Nauliza: tuwanyime walaghai hawa ukumbi, au kila mtu mzima aachwe asikilize anachokitaka?

Huru Daima
Shikamoo Mzee Katibu. Neno "walaghai" limenichoma, kwa sababu mimi nilikuwapo na nililipa kwa hiari yangu. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt iliachana na dhahabu kama dhamana ya fedha, na tangu hapo kila cheti cha kuzaliwa ni dhamana ya deni la taifa. Jina lako lililoandikwa kwa herufi kubwa ni kampuni, si wewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua, katika kesi ya Thompson ya mwaka 1930 kama sikosei, kwamba kusafiri barabarani ni haki. Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ninyi mlioapa kiapo cha uraia mmekubali wenyewe kuwa raia wa Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaani watumwa waliobadilishiwa jina.

Bint Mvita
Nilikusudia kupita kimya, lakini hilo la utumwa silimezi. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilisema mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 ndiyo yaliyoifuta hukumu hiyo, kwa kutamka kwamba aliyezaliwa hapa na aliyepewa uraia hapa, wote ni raia. Kiapo changu kinasimama juu ya sentensi hiyo. Sasa nikuulize, kaka: ni nani wa kwanza kufundisha kwamba uraia huo ni wa daraja la chini? Ni kundi la Posse Comitatus la miaka ya 1970, ambalo mmoja wa vinara wake, William Potter Gale, alikuwa mhubiri wa ubora wa watu weupe. Hoja yao ilikuwa kwamba mweupe ana uraia wa asili usioguswa na serikali, na mweusi ana huu wa kupewa tu. Maneno uliyoyanunua ukumbini yalitungwa ili mimi na wewe tusihesabiwe raia kamili, nawe unanirushia usoni kama uvumbuzi.

Huru Daima
Kwa hiyo mimi ni mbaguzi wa rangi yangu mwenyewe? Dada, chunga ulimi. Wako watu weusi wanaojiita Wamoor, wanaodai asili ya Moroko, ambao wameitumia elimu hii miaka mingi, nao wanategemea mkataba wa Marekani na Moroko, wala si maandishi ya mzungu yeyote. Mkataba huo ni wa karne ya kumi na nane na haujafutwa. Jibu hilo kwanza kabla ya kunitukana.

Mwalimu wa Kisauni
Hakuna aliyekutukana, ndugu yangu. Ulichoambiwa ni asili ya fundisho. Mkataba unaoutaja ni wa mwaka 1786, na unahusu merikebu, wafanyabiashara na mateka wa vita baina ya dola mbili. Haumwondolei mkazi wa Cleveland wajibu wa kuwa na leseni. Isitoshe, Moorish Science Temple of America, jumuiya ya kidini ambayo jina lake hutumiwa sana na wauza makabrasha, imejitenga hadharani na madai hayo.

Kuhusu Thompson, hiyo haikuwa Mahakama ya Juu ya Marekani, ilikuwa mahakama ya jimbo la Virginia. Mji wa Lynchburg ulimpa mkuu wa polisi uwezo wa kumnyang'anya dereva kibali kwa maoni yake tu, na mahakama ikasema hapana, huwezi kumwachia mtu mmoja madaraka yasiyo na vigezo. Ndani ya hukumu hiyo hiyo, mistari michache mbele ya ule mnaouimba, majaji waliandika kwamba kutoa, kukataa na kufuta vibali vya udereva kwa kanuni zinazomhusu kila mtu ni jambo halali. Mahakama ya Juu yenyewe ilikuwa imeshasema mwaka 1915, katika kesi ya Hendrick dhidi ya Maryland, kwamba jimbo linaweza kudai leseni na usajili wa gari. Na ibara ya 8 umeikata katikati: inaendelea kusema kwamba serikali itapata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi "kwa mujibu wa Katiba hii". Wananchi kwa pamoja ndio wenye mamlaka; haikusema kila mmoja wetu ni dola peke yake.

Dereva wa Masafa
Mwalimu, umesoma, nakuheshimu, lakini mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kusimamishwa usiku na kuambiwa watoe mikono dirishani. Mimi nimesimamishwa bila kosa, nikaulizwa nimetoka wapi na lori ni la nani. Siku ya semina ilikuwa mara ya kwanza mtu kusimama mbele yetu na kutuambia kwamba tuna haki yoyote. Ninyi wasomi mlikuwa wapi? Mnakuja leo kwa sababu mmesikia watu wamelipa fedha.

Bint Mvita
Lawama hiyo ni ya haki, na ndiyo inayonikera zaidi katika biashara hii, kwa sababu haki za kweli zipo na kabrasha limezifunika. Una haki ya kukataa kutoa ridhaa ya gari lako kupekuliwa. Una haki ya kunyamaza unapohojiwa kuhusu kosa, na ya kumtaka wakili. Hizo unazidai ukiwa umeshatoa leseni na karatasi za gari, kwa sauti ya kawaida. Mwaka 2010 huko West Memphis, Arkansas, baba na mwanawe waliokuwa na imani hizi waliwaua polisi wawili waliosimamisha gari lao. Tangu hapo mafunzo ya polisi yanazitaja karatasi hizi kama dalili ya hatari. Kwa hiyo mtu mweusi, ambaye tayari anatazamwa kwa shaka, anauziwa karatasi itakayomfanya askari asogeze mkono kwenye bastola. Siwezi kuliita jambo hilo elimu.

Mama Zawadi
Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu aliingia kwenye haya kupitia kodi. Walimwambia ana akaunti ya siri kwenye Hazina ya serikali iliyofunguliwa kwa jina lake la herufi kubwa, wakamjazia fomu ya kuidai IRS, idara ya kodi ya Marekani, marejesho ya maelfu ya dola. Yeye hata hakuzaliwa Marekani, hiyo akaunti ingefunguliwa na nani? Fedha hazikuja. Ilikuja barua ya faini ya dola 5,000 kwa kila fomu ya namna hiyo, na ombi lake la uraia sasa lina doa, maana fomu ya uraia inauliza habari za kodi. Mkewe hasemi naye. Nyinyi mnabishana habari za Moroko.

Huru Daima
Pole, dada, kwa dhati. Lakini huenda alijaza vibaya. Mwalimu wetu wa semina alisema utaratibu ukikosewa hatua moja tu, hauzai matunda.

Mwalimu wa Kisauni
Hilo la "alijaza vibaya" ndilo huwafanya watu warudi kununua kabrasha la pili. Mwaka 2012, katika kesi ya talaka ya Meads huko Alberta, Kanada, Jaji Rooke aliandika hukumu yenye aya zaidi ya 700 akiyachambua madai haya moja baada ya jingine, na hakukuta hata moja lililowahi kukubaliwa na mahakama. Aliwageukia pia wateja wa walimu hawa, akawataka wajiulize kwa nini wenye funguo za utajiri huo wenyewe si matajiri. Mmoja wa walimu maarufu wa Marekani, Winston Shrout, alikuwa ameandika hati bandia zilizodaiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola trilioni 100. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Yeye naye alijaza vibaya?

Huru Daima
Mahakama haiwezi kujihukumu yenyewe. Sitaendelea na mjadala huu.

Katibu Mstaafu, Ohio
Naona swali la ukumbi limetuponyoka, na huenda halikuwa kubwa kama nilivyodhani. Dereva wa Masafa, nikimpata wakili wa kuja Jumamosi moja kuwaeleza madereva haki zao barabarani, bila kiingilio, utawaleta wenzako?

Dereva wa Masafa
Nitawaleta, Mzee. Lakini asije kutuhubiria, aje kujibu maswali.

Mama Zawadi
Na mdogo wangu je?

Mwalimu wa Kisauni
Asiandike barua nyingine yoyote yenye dole gumba. Awasilishe fomu sahihi za kodi kabla ya muda uliotajwa kwenye barua ya IRS kwisha, na asitie saini karatasi yoyote inayodai kwamba yeye ni raia wa Marekani wakati bado, kwa maana sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inaweza kumfungia mlango kwa dai hilo la uongo. Kuna kliniki za walipa kodi wenye kipato kidogo zinazosaidia bure au kwa ada ndogo sana. Niandikie faraghani jimbo analokaa, leo usiku, tutafute iliyo karibu naye.