Mrejesho: Kusomesha watoto nyumbani huku nyumba imevurugika

Assalaam aleykum ndugu zangu. Niliwauliza mwanzo wa mwaka nitawezaje kuwasomesha wanangu nyumbani, mmoja gredi ya kwanza na mwingine PP2 (mwaka wa pili wa chekechea), huku nina mtoto mchanga na vyombo vimejaa karo. Ahsanteni sana nyote mlionijibu.

Ulionifaa zaidi ni ushauri wa dada aliyesema nisiwakalishe kutwa, kwani hata shuleni kipindi cha gredi ya kwanza ni dakika 30 tu. Sasa tunasoma baada ya chai ya asubuhi, mdogo wao akilala. Tukimaliza, vitabu vyote vinaingia kwenye beseni moja na beseni linapanda juu ya kabati. Meza inabaki ya kulia chakula! Hesabu nyingine zimehamia jikoni: mkubwa ananipimia unga wa chapati kwa kikombe, wa PP2 anapanga vijiko kumi, anaondoa vitatu, ananiambia vimebaki saba. Nafurahi mno nikimsikia.

Kuamka saa kumi alfajiri nilijaribu, lakini kufika adhuhuri nilikuwa mkali kwa watoto, nikaacha. Ratiba ya ukutani nayo haikudumu. Mchanga akisumbuliwa na meno, siku yote inapinduka. Nguo bado zinarundikana. Baba yao amekubali kuzifua nao Jumamosi, ila wiki nyingine kazi inambana.

Mitaala ya KICD (taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya) mliyonielekeza inapatikana bure kwenye tovuti yao. Anayeanza aipakue mapema.