Naomba ushauri: nawezaje kuwafundisha wanafunzi kutofautisha shimo na kilima kwenye picha za Mirihi?

Habari zenu wakuu. Nafundisha jiografia sekondari, na nataka wanafunzi wasome sura ya Mirihi kwa picha za chombo cha angani cha Mars Reconnaissance Orbiter. Kreta (shimo kubwa la duara) ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45 hivi, inanivutia mno: upande wa magharibi delta ya mto wa kale imetanuka kama unyayo wa bata, na mikondo yake bado inaonekana.

Tatizo ni vivuli. Mwanga ukitokea upande wa chini wa picha, kreta zinaonekana zimetuna, darasa linabishana. Nianze na mwelekeo wa jua, au ramani ya mwinuko iliyopimwa kwa leza? Hatuna projekta, natumia picha zilizochapishwa. Mwenye uzoefu tafadhali anisaidie.