Kazi Mikocheni, mume anafundisha Bagamoyo: tupange Bunju, Kerege au Bagamoyo mjini?

MgeniPwani

Wakuu, shikamooni na habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaoijua vizuri barabara ya Bagamoyo. Kazi yangu iko Mikocheni, Dar es Salaam, naripoti saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Mume wangu amehamishiwa shule iliyopo Bagamoyo mjini, yeye anatakiwa awe kazini saa 1 na nusu. Mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Gari hatuna. Tunafikiria Bunju, Kerege, au Bagamoyo mjini kule Nianjema na Magomeni. Kerege kodi zake zinavutia, na kwenye ramani ni katikati, kwa hiyo kila mmoja angesafiri nusu. Kuna kitu hatukioni?

NjiaKuu

Dada, ramani iweke pembeni kwanza. Kwenye barabara hii mambo yanayoamua ni mawili: gari linaanzia wapi, na nyumba iko mbali kiasi gani na lami.

Magari ya Bagamoyo–Makumbusho (stendi ya huko Dar) yanajaziwa stendi ya Bagamoyo. Asubuhi yakifika Kerege viti vimekwisha. Konda anachukua wa kusimama, au dereva anapitiliza kabisa. Utakuwa karibu na kazi kuliko mtu wa Nianjema, lakini yeye amekaa na wewe bado uko kituoni. Mapinga, iliyo kati ya Bunju na Kerege, ni hivyo hivyo. Bunju ni habari nyingine, kwa sababu kuna daladala zinazoanzia hapo hapo: zinatoka mfululizo na ukiwahi unapata kiti.

Jioni mambo yanageuka. Mwanzo unakuwa Makumbusho, na ukisubiri Mwenge, mbele yake njiani, unalikuta gari limeshiba. Hata kama Mwenge ni karibu na ofisi yako, panda kwanza urudi Makumbusho uingie na kiti. Tena jioni wanaoshuka njiani huambiwa walipe hadi Bagamoyo. Nauli halali ni ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na inatakiwa ibandikwe ndani ya gari. Isome kabla ya kubishana.

Sasa foleni. Mwenge hadi Tegeta barabara ni njia nne. Kutoka Tegeta kuja Bagamoyo ni njia moja kwenda, moja kurudi. Pale Tegeta yanaingia malori ya saruji ya kiwanda cha Wazo, na ujenzi wa njia ya mwendokasi (mabasi ya haraka) nao umebana nafasi. Lori moja likiharibika kati ya Bunju na Mapinga, hakuna lami nyingine ya kuzungukia, wote mnalala hapo. Ndiyo maana muda wa safari usiupime kwa siku nzuri. Pima Jumatatu asubuhi, Ijumaa jioni, na siku moja ya mvua. Gawanya safari vipande: nyumbani hadi lami, kusubiri kituoni, ndani ya gari, kuunganisha Mwenge hadi ofisini. Watu wengi huhesabu kipande cha tatu tu, halafu wanashangaa mbona wanachelewa kila siku.

Kwa hali yenu ningechagua Bunju. Mzee atakuwa anakwenda kinyume na wimbi la asubuhi: watu wanaingia Dar, yeye anatoka.

Dunda_Mjini

NjiaKuu nakubaliana naye juu ya Kerege, ila Bunju sikubali, na sababu ni mtoto. Darasa la kwanza wanatoka mapema mchana. Mkikaa Bunju, mtoto akipata homa saa 4 asubuhi, baba yuko Bagamoyo na mama yuko Mikocheni, kati yenu hakuna wa kufika haraka. Mkikaa Bagamoyo mjini, baba na mtoto wanakwenda shule kwa miguu au kwa bodaboda fupi, na anayebeba safari ni mmoja tu.

Mzigo huo si mdogo, sitakuficha. Stendi ya Bagamoyo hadi Mwenge ni kama kilomita 60. Ili uwe ofisini saa 2, saa 11 alfajiri uwe umeshakaa kwenye kiti, na kwa hiyo nyumba iwe ya kutembea kwa miguu hadi stendi. Ukipanga ndani sana, kila alfajiri unahitaji bodaboda mmoja mwaminifu wa kukufuata, na siku asipotokea umekwama gizani. Safari ikichukua saa mbili na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi, kwa siku 22 za kazi ni saa 110 kwa mwezi. Kabla ya kusaini chochote, muulize bosi kama unaweza kuingia saa 1 na kutoka saa 10. Saa moja hiyo inakutoa kwenye foleni mbaya ya pande zote mbili.

FundiBomba_Zinga

Popote mtakapochagua, nyumba mkaikague mvua ikiwa imenyesha. Njia za ndani za Mapinga na Kerege nyingi ni za udongo. Masika ya Machi hadi Mei zinageuka tope na bodaboda anapandisha bei. Tuseme ni shilingi 1,500 kwa safari moja: mara mbili kwa siku, siku 22, ni 66,000. Ongeza hiyo kwenye kodi ndipo ulinganishe na nyumba ya kando ya lami. Kodi nafuu ya ndani mara nyingi imeshaliwa hapo.

Upande wa Boko na Bunju ulizia maji ya mvua yanapita wapi. Angalia ukutani kama kuna alama ya tope, hata kama wamepaka rangi juu yake.

Maji ya bomba ya ukanda huu yanatoka mtambo wa Ruvu Chini. Umeme ukikatika mtamboni, bomba linakauka, kwa hiyo tanki la lita 1,000 kwa familia ya watu watatu si anasa. Kama ni kisima, onja, halafu nawa kwa sabuni. Ikikataa kutoa povu, hayo ni ya chumvi, mtakuwa mnanunua ya kunywa na ya kupikia. Na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ulizia kama mita ni yenu peke yenu.

Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Kwa mwenye nyumba msilipe mwaka mzima. Ombeni miezi mitatu, mkataba upitie ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, maana hapo ndipo mtajua kama anayewapangisha ndiye mwenye nyumba.

MgeniPwani

Asanteni sana, Kerege tumeitoa. Swali la mwisho: kuna watu wa Bagamoyo wanaingia Dar kwa gari binafsi na kuchangia mafuta. Ni sahihi nichangie kiasi gani?

NjiaKuu

Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Gari dogo la cc 1,500 likitembea kilomita 12 kwa lita, ni lita 10 kwa siku. Zidisha kwa bei ya mafuta ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha gawa kwa watu wote waliomo, dereva akiwemo. Ongezeni kidogo kwa ajili ya matengenezo: kwa siku 22 gari linakula kilomita 2,640, yaani kama oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, ni karibu kila baada ya miezi miwili. Matairi nayo yapo. Faini za tochi (kipima mwendo cha trafiki) abebe dereva mwenyewe, maana kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa na anajua. Na mkubaliane mapema: siku mwenye gari hatoki, awaambie usiku, si saa 11 alfajiri.